Mtoto Ambaye Hatukumpima

Wanangu, nasikia siku hizi mnageuza data kwa mstari mmoja, kisha mnakwenda kunywa chai. Mimi chai yangu ilikuwa inapoa. Nikishageuza kitu ndani ya kompyuta sikukaa. Nilitoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi, nikafungua tena kile nilichokigeuza na kukitazama kama mtu aliyeweka maziwa jikoni. Wenzangu walinicheka. "Dada Aika ana funza miguuni," walisema. Sikuwa na funza. Nilikuwa na sababu, na leo nitawasimulia, maana juzi mpwa wangu alinionyesha kazi yake nikamwuliza, "Ulipoibadili safu hii iwe namba, uliitazama?" Akanijibu bila hata kuinua macho, "Shangazi, haikuleta error."

Haikuleta error! Moyo wangu uliruka, mbe. Nilimwambia azime simu anisikilize. Nanyi nisikilizeni.

Nilizaliwa Kilema, kwenye kihamba cha kahawa na migomba, na kama kahawa ingeendelea kulipa huenda ningekuwa bado huko. Lakini wakaingia wanunuzi binafsi, bei ikawa leo hivi kesho vile, na baba akaanza kung'oa mibuni taratibu, kama mtu anayejing'oa meno mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejifunza kupiga chapa. Nikashuka Moshi mjini, nikaajiriwa kwenye mradi wa utafiti wa afya ya watoto. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta yale yaliyoandikwa kwa kalamu huko vijijini. Baadaye nikapanda, nikawa wa kuzisafisha na kuzipanga data kabla hazijafika kwa wakubwa.

Aliyenifundisha aliitwa Mwalimu Joakim, mtakwimu mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa pili, Moshi ikichemka. Lugha hii ya kompyuta mnayoiita R ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ndani ya CD iliyoletwa na mwanafunzi mgeni. Programu tuliyokuwa tukitumia ilikuwa ya kulipia, na leseni yake ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa ya bure, kwa hiyo kila mtu aliitilia shaka. Joakim peke yake ndiye aliyeipenda. Alivuta kiti akaniambia, "Njoo, Aika. Usijifunze amri kwanza. Jifunze vyombo."

Akanieleza hivi. Matrix ni jaruba la mpunga kule Chekereni: limepigwa matuta, limenyooka, na ndani yake ni mpunga mtupu. List ni kihamba cha mama yako: mgomba, mbuni, magimbi, banda la mbuzi, na chini ya banda kuku amelalia mayai. Kila kitu kimo, hakuna anayelalamika. Data frame iko katikati. Kila safu ina zao lake, hii majina, hii umri, hii uzito, ila safu zote lazima ziwe na urefu mmoja.

"Sasa," akasema, "ukikilazimisha kihamba kiwe jaruba, itakuwaje?"

"Kitakataa," nikajibu.

"Hakikatai! Hapo ndipo penye hatari. Kinakubali. Kinageuza kila kilichomo kiwe kitu kimoja, na hakikuambii."

Akanipa jedwali dogo lenye jina la kijiji, umri na uzito, nikaligeuza kuwa matrix. Kweli, kwa sababu ya lile jina moja la kijiji, umri wote na uzito wote vikawa maneno. Nilipojaribu kujumlisha, mashine ikanigomea. Nikacheka. Joakim hakucheka. "Leo imekugomea, shukuru," alisema. "Siku ikikukubalia ndiyo uogope."

Alikuwa na usemi wake: ukihama nyumba, hesabu watoto kabla ya kutoka, na wahesabu tena ukifika. Yaani idadi iliyoingia iwe sawa na iliyotoka. Tulikuwa na kadi ambazo kila mtoto ana mstari mmoja wenye ziara zake zote, nasi tulizigeuza ziwe mstari mmoja kwa kila ziara. Mara ya kwanza nilihesabu watoto, wakawa sawa, nikamwita kwa furaha. Akatazama akasema, "Idadi ni sawa. Je, ni watoto wale wale? Watazame nyuso." Tukakuta ndugu wawili wenye majina yanayofanana wamebadilishana uzito. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Alikuacha ufurahi kidogo, halafu akakusimamisha tena.

Mwalimu Joakim alipohamia Dodoma, nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyetoka chuoni, Godlisten, sisi tukimwita Godi. Alikuwa mwepesi, mpole, mwenye heshima. Kila asubuhi, "Shikamoo dada Aika," hata nilipomwambia aache kunizeesha. Msimfikirie vibaya kwa haya nitakayoyasema. Hakuwa mzembe. Angekuwa mzembe, hadithi hii ingekuwa rahisi.

Mwaka ule tulikuwa na vijiji vya aina mbili: vya juu mlimani, na vya tambarare kwenye umwagiliaji wa mpunga. Watoto wadogo walichomwa kidole, damu ikapimwa kwa mashine ndogo ya mkononi, ili tujue ni nani amepungukiwa. Mradi ulikuwa na dawa ya kuongeza damu pamoja na vyandarua, na havikutosha kwa wote. Sehemu ambayo watoto wake wameathirika zaidi ndiyo ingeanza. Vilevile, watoto wenye damu ya chini kabisa walitakiwa wafuatwe nyumbani kwao na nesi wetu, mama Apaikunda, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akicheka madirisha yanatikisika.

Godi akachambua. Matokeo yakaja: watoto wa tambarare wana damu nzuri. Wa mlimani ndio wagonjwa.

Niliposikia nilisimama. Mimi nilikuwa nimefika Chekereni, huko tambarare, wakati wa kupima. Niliwashika watoto wale mikono wakichomwa. Viganja vingine vilikuwa vyeupe kama karatasi. Mbu walikuwa wanauma mchana kweupe. Nikamwambia mkuu wetu, Daktari Ruth, "Daktari, mimi sioni hivyo."

Hakunidharau. Alinisikiliza, kisha akasema, "Aika, macho yanakumbuka yale yaliyoyaumiza. Ndiyo maana tunapima." Na tayari wataalamu wageni walikuwa wamepata maelezo. Watu wa tambarare wanauza mpunga, walisema, kwa hiyo watoto wanakula dagaa na maharage. Wa mlimani wanashindia ndizi na chai ya rangi. Mimi niliyelelewa kwa mtori wa ndizi na nyama nilikasirika, lakini hasira si hoja. Maelezo yalikaa vizuri mno. Jihadharini na hilo, wanangu: ukimpa msomi matokeo yoyote, hata yaliyopinduka, atakupatia sababu kabla chai haijaiva.

Daktari Ruth akaipasha wilaya habari. Dawa na vyandarua vikapakiwa kwenda juu. Mama Apaikunda akapewa majina ya watoto wa kufuatwa, naye akapanda mlimani. Mimi nikabaki ofisini nikizunguka. Nilikaa, nikasimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Chakula hakikupita. Godi aliniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, ila kuna kitu sikijui. Nilihesabu mistari: ilikuwa sawa. Nilitafuta majina yanayofanana: hakuna tatizo. Namba zenyewe za damu hazikuonekana, kwa sababu Godi alikwisha kuzisawazisha. Kila mtoto alilinganishwa na wastani wa wote. Aliye juu ya sifuri ana nafuu, aliye chini ya sifuri ana shida. Ni utaratibu halali kabisa. Ila ni kama kupika kitu na viungo vingi: ukishafunika chungu, hujui nyama ilikuwaje.

Siku chache zikapita. Mama Apaikunda akarudi. Tulimsikia kabla hajafika mlangoni.

"Godlisten! Njoo hapa, mwanangu. Umenituma kwa wagonjwa gani?"

"Shikamoo mama. Wale wenye damu ya chini."

"Damu ya chini! Wa kwanza nimemkuta juu ya mparachichi. Wa pili amenishinda mbio. Wa tatu mama yake ameniuliza kama nina wivu, mbona namtafutia mtoto wake ugonjwa! Nimewapima tena, wote wazima. Mashavu kama nyanya! Nimepanda milima na magoti haya, ee Ruwa, Mungu wangu, kwenda kusalimia watoto wenye afya!"

Godi alitabasamu kwa aibu, akadhani ni wachache tu waliopona. Mimi sikutabasamu. Nikamwambia, "Godi, acha wa chini. Nionyeshe wa juu. Nani ana damu nyingi kuliko wote?"

Akabonyeza. Lilitokea jina la mtoto wa kijiji kimoja cha mlimani, juu ya Kwa Sadala, Emanueli, na mengine kadhaa yaliyolingana naye.

Mama Apaikunda akainama kwenye kioo. "Nani? Emanueli yupi? Mtoto wa fundi viatu?" Akainua mkono akatuonyesha kidole chake. "Huyu ndiye aliyeniuma hapa! Akakimbilia kwenye kahawa, hatukumpata mpaka tunaondoka. Huyu hatukumpima!"

Mtoto ambaye hatukumpima ndiye aliyekuwa na damu nyingi kuliko watoto wote wa Kilimanjaro.

"Fungua safu yenyewe," nikamwambia Godi. "Kabla hujaigeuza."

Umeme ukakatika.

Sijawahi kuchukia giza la kioo kama siku ile. Ilikuwa mchana, jua liko nje, nasi watatu tumekodolea macho mashine iliyokufa. Godi alikuwa anajisemea, "Haiwezekani, haiwezekani." Nikatoka kumtafuta mlinzi awashe jenereta. Hakuna dizeli. Nikaenda mwenyewe na dumu mpaka kituo cha mafuta, nikirudi nusu natembea nusu nakimbia, watu wakinishangaa, mwanamke mzima na sketi ya ofisini.

Ilipowaka, Godi akauliza mashine safu ile ni ya aina gani. Mashine ikajibu neno moja: factor.

Aliweka mikono yote miwili kichwani. Alikuwa ameelewa kabla yetu. Mama Apaikunda akasema, "Nielezeni na mimi, nisisimame hapa kama mgomba." Godi akaeleza, na nitawaeleza kama alivyotueleza.

Pale mtoto alipokosekana, mwingizaji wa data aliandika neno "hakuna". Lilikuwa jambo la kawaida, kila mtu aliandika hivyo. Lakini mashine, ikikuta neno moja katikati ya namba, enzi zile ilichukua safu yote kuwa maneno, ikayafanya makundi. Kila neno likapewa namba ya mgongoni, kama wachezaji wa mpira. Na ilizigawa namba hizo kwa kufuata mpangilio wa maandishi, kama kamusi. Katika kamusi, kinachoanza na moja hutangulia kinachoanza na sita. Kwa hiyo mtoto mwenye damu kumi na moja na ushee, mzima kabisa, alisimama mbele akapewa namba ndogo mgongoni. Mtoto mwenye sita, anayekaribia kuzimia, alisimama nyuma akapewa namba kubwa. Na "hakuna", neno la herufi, likawa la mwisho kabisa, likapata namba kubwa kuliko zote.

Godi alipoamuru, kwa as.numeric, safu hiyo iwe namba, mashine haikumpa damu ya mtoto. Ilimpa namba ya mgongoni. Mchezaji mwenye kumi mgongoni hakufunga mabao kumi, lakini ukiangalia karatasi tu utajuaje? Kisha alizisawazisha, na kila alama ya kosa ikafutika.

Njia iliyotakiwa ni kwanza kuyarudisha makundi yawe maneno, kwa as.character, halafu maneno ndiyo yawe namba. Tulifanya hivyo pale pale. Na sikilizeni hili: njia iliyo sahihi ndiyo iliyotupigia kelele. Mashine ilituonya kwa maandishi kwamba kuna mahali imeshindwa kupata namba, imeacha pengo. Ndivyo ilivyopaswa, lile pengo ni Emanueli na kidole cha watu alichokiuma. Njia potofu ilikuwa imenyamaza kimya kama mwizi.

Godi akachora upya. Tambarare ikaanguka chini. Mlima ukapanda juu. Picha yote ilipinduka mbele ya macho yetu.

"Nani wa chini kabisa?" Mama Apaikunda aliuliza. Hakuwa anapiga kelele tena. "Nipeni majina. Sasa hivi."

Hatukusubiri kesho. Daktari Ruth alisikia maelezo akiwa amesimama, akasema maneno mawili, "Chukueni gari," naye akaelekea wilayani kwa miguu. Godi aliomba aje nasi. Nilitaka kumkataza, sikumkataza.

Nyumba ya kwanza kule Chekereni ilikuwa ya mtoto wa kike aliyeitwa Rehema. Tulipokaribia tukaona watu wamekaa kwenye mikeka nje. Dereva alizima gari mbali, bila kuambiwa. Walikuwa wamemzika siku mbili tatu nyuma. Homa, walisema. Alikuwa mchovu muda mrefu, kisha homa ikamchukua upesi.

Baba yake alikuja kutupokea. Alimtambua mama Apaikunda.

"Mlisema mtarudi," alisema. Hakusema kwa ukali.

Godi ndiye aliyejibu. "Ndiyo, baba. Tulichelewa. Tulikwenda kwingine kwanza, kwa makosa yetu."

Yule baba akasogea akampa nafasi mkekani. "Kaa, mwanangu," alisema. "Umeshafika."

Kama tungeanza pale, angepona? Sijui. Nimemuuliza mama Apaikunda mara nyingi, naye husema hajui. Daktari alisema huenda malaria ile ingemchukua hata hivyo. Huenda. Hilo neno halijaniacha nikalala vizuri mpaka leo, na sitaki liwaache nyinyi.

Godi alibaki kwenye msiba. Sisi tukaendelea. Nyumba iliyofuata, mvulana aitwaye Shabani alikuwa amelala kwenye gunia chini ya kibanda, mama yake akipepeta mchele kando. "Huyu ni mvivu tu," mama alituambia, "hataki hata kucheza." Mama Apaikunda alimshika kiganja, akamnyanyua bila kuomba ruhusa. "Mama, funga mlango, twende," akasema. "Mchele utaukuta." Alipelekwa hospitali, akaongezewa damu siku ile ile. Na wengine tukawafuata, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Wilayani, kama tulivyosimuliwa, Daktari Ruth alisimama mbele ya watu wale wale aliokuwa amewapa matokeo, akasema, "Nilichowaambia kilikuwa kimepinduka. Chini ni juu, juu ni chini." Bwana mmoja akalalamika kwamba dawa imeshapanda mlimani. Daktari akajibu, "Basi itashuka." Na ikashuka. Wataalamu wageni waliandika maelezo mapya, mazuri vilevile, kuhusu mbu na maji yaliyotuama. Safari hii walikuwa sahihi.

Godi alileta barua ya kuacha kazi. Daktari Ruth aliisoma akamrudishia. Alimwambia mtu aliyekaa kwenye mkeka ule ndiye anayemhitaji kwenye ile mashine. Akabaki. Alibadilika, akawa kama mimi: anageuza, anasimama, anatembea, anarudi kutazama. Alichukua watoto wachache kila mara, wenye hali mbaya na wenye hali nzuri, akalinganisha kilichoandikwa kwa kalamu na kilicho kwenye kioo baada ya kugeuzwa. Wageni walipomwambia anapoteza muda aliendelea kulinganisha. Sasa ana mvi, anafundisha wengine.

Miaka ilipita, nikawa nimekaribia kustaafu. Siku moja nilikuwa Himo sokoni natafuta maharage ya kuchanganya na ndizi za kiburu, kelele za wachuuzi na malori ya mpakani, nikasikia naitwa. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika bega la kijana mrefu aliyebeba kiroba cha mchele kichwani kana kwamba kimejaa pamba. Sikuwatambua mpaka aliposema yeye ni mama Shabani wa Chekereni.

"Msalimie bibi yako," akamwambia kijana.

"Shikamoo bibi."

Nilitakiwa kujibu. Badala yake niliweka kikapu chini, nikamwambia ainame, nikamvuta kope la chini kwa kidole gumba, nikachungulia. Kijana akashtuka, kiroba kikayumba. "Bibi, vipi tena?" Mama yake alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, na wachuuzi wametukodolea macho.

Ndani ya kope palikuwa pekundu. Nikalivuta na la jicho la pili, napo pekundu.

"Marahaba," nikasema.